Kikohozi cha Émile

Yowe la kwanza Isidore alidhani ni la mbwa aliyekanyagwa. La pili alilitambua. Lilikuwa la Pétronille, mke wa mdogo wake Hilaire, na lilitoka nyumba ya tatu ya ua uleule. Isidore alikuwa ananyoa ndevu. Alikimbia na sabuni upande mmoja wa uso.

Mama yao, Mama Hélène, alikuwa ameshamtangulia. Alikuwa amemshika mjukuu wake Émile, mtoto wa miezi minne, akamgeuza kuelekea mlangoni palipokuwa na mwanga. Pua ya mtoto ilikuwa imebanwa ikawa bapa, na shavu la kushoto lilikuwa na alama nyekundu iliyoanza kuwa ya zambarau. Pétronille alikaa ukingoni mwa kitanda, kifua wazi, maziwa yanamdondoka yenyewe.

“Umemulalia,” Mama Hélène alisema. “Angalia pua. Angalia shavu. Umemulalia mutoto wa watu mupaka amekufa.”

“Sikumulalia, Mama.”

“Njo nani alimulalia? Miye?”

“Sijue. Nilishituka, nikamugusa, iko baridi.”

“Unasikia? Hajue! Mama muzima, analala mupaka hajue mutoto wake iko wapi.”

Hapo Hilaire akampiga mkewe. Hilaire hakuwa mtu wa kupiga. Mlima mzima wa Lushebere ulimjua kwa upole, na wengine walimcheka kwa upole huohuo. Alimpiga kofi moja, akatulia kana kwamba anasubiri mtu amshike mkono, na alipoona hakuna aliyemshika, akaongeza la pili. Isidore alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. Mkono wa kumshika mdogo wake alikuwa nao. Hakuutumia.

Ndipo wote wakamgeukia yeye, maana Isidore alikuwa muuguzi wa zahanati ya shamba la pareto, mtu wa koti jeupe, na hakuna mgonjwa wala maiti katika ukoo ule aliyepita bila yeye kusema neno. Alipiga magoti, akamgusa Émile shingoni. Alikuwa baridi kweli. Kwenye tundu la pua palikuwa na povu kidogo, lenye rangi ya waridi, na Isidore alilijua povu lile. Alikuwa ameliona kwa watu waliokufa kwa ugonjwa wa mapafu. Alilifuta kwa kidole gumba kabla mwingine hajaliona, na kidole akakifuta kwenye suruali.

“Amekufa tangu saa nyingi,” alisema, kana kwamba hilo ndilo lililoulizwa.

Tuseme mambo yalivyokuwa, kwa sababu yeye hakuyasema. Jioni iliyopita Pétronille alikuja kwake kutoka kuvuna pareto, hata kikapu hajakishusha. Isidore alikuwa anakula bugali na maharagwe mlangoni pake. “Shemeji,” alimwambia, “mutoto anakohoa. Anapumua mbio-mbio, na anakatala kunyonya.” Mgonjwa mwingine angepanga mstari asubuhi, angehesabiwa pumzi kwa saa, angeandikwa kwenye daftari. Ndugu hawapangi mstari. Ndiyo faida ya kuwa na muuguzi nyumbani. Isidore aliweka kiganja kimoja juu ya kifua cha mtoto, kingine kikiwa bado na bugali, akasema: “Ni mafua. Kikohozi kidogo tu. Baridi ya mulima.”

Amri ya dokta wa hospitali ilikuwa wazi: mtoto wa chini ya mwaka mmoja anayepumua mbio apandishwe hospitali siku ileile. Lakini Jumanne ya wiki ileile Isidore alikuwa amepandisha mtoto aliyekutwa hana kitu, na dokta alimkaripia mbele ya akina mama waliojaa kwenye kibaraza, akamuuliza kama zahanati yake imegeuka posta ya kutuma makamasi. Wanawake hawakujua Kifaransa, lakini kicheko cha dokta walikielewa, wakacheka naye. Isidore alishuka mlima siku ile masikio yakimwaka moto. Hakutaka kuchekwa mara mbili kwa wiki moja.

*

Mtoto asiye na meno, kwa desturi ya ukoo ule, huzikwa na wanawake, nyuma ya nyumba, jua halijawa kali, na wanaume hukaa mbali wakitazama upande mwingine. Mama Hélène alikwisha kuita majirani wawili wenye majembe. Pétronille aliomba jambo moja tu, ambebe mtoto mgongoni mara ya mwisho. Walimruhusu, wakaenda kuchimba migombani. Walipogeuka hawakumwona.

“Ni weye utamufata,” Mama Hélène alimwambia Isidore. “Hilaire akimufikia atamuua. Enda, mulete na mutoto wetu.”

Isidore alimkuta kwenye njia ya hospitali, anapanda kwa mwendo wa mtu anayewahi soko. Alikuwa amemfunga Émile kwa kitenge kilekile cha kila siku, kichwa kimefunikwa kwa pembe yake kwa sababu ya umande.

“Mama Émile, simama.”

“Siwezi kusimama, Shemeji.”

“Unaenda naye wapi? Mutoto amekufa.”

“Ninajua amekufa. Miye njo nilimugusa wa kwanza.” Hakupunguza mwendo. “Weye njo ulisema, siku ile ya pombe ku Papa Albert. Ulisema docteur iko anapasua muntu mwenye kufa, anaangalia ndani, anaona kile kimemuua. Ulisema hata weye mwenyewe ulishikaka beseni.”

Isidore alisema kweli maneno yale. Alikuwa amekunywa pombe ya ndizi, watu wamemzunguka, na hakuna sifa aliyoipenda kuliko ile ya kushika beseni.

“Ile ni kwa watu wakubwa,” alimjibu.

“Mutoto hana kifua?”

“Ukoo utakatala. Mutoto kukatwa kisu! Unataka watu waseme nini?”

“Waseme. Tayari wanasema.” Sasa alisimama, akamgeukia. Shavu lake lilikuwa limevimba pale Hilaire alipompiga. “Shemeji, unisikilize. Jana nilivuna tangu asubuhi mupaka jua kuzama. Nilichoka sana. Nililala na yeye hapa, ku mukono. Pengine nilimulalia. Pengine sikumulalia. Sijue, na hakuna muntu wa kuniambia. Mama anasema nilimuua. Kama nilimuua nijue, nibebe yangu. Kama sikumuua nijue pia. Siwezi kuishi katikati.”

Isidore angeweza kumjibu palepale, njiani, kwa maneno matatu. Aliyakusanya mdomoni. Kisha akaona mtu anashuka mbele yao, akayameza, na akashukuru moyoni kwamba mtu yule amekuja.

Alikuwa Paul, katekista, na mwavuli wake. “Mama Émile, salama? Shavu hilo vipi? Na mutoto analala?”

“Analala, Papa Paul.”

“Mungu amulinde.” Akamgeukia muuguzi. “Infirmier, unawasindikiza? Vizuri, vizuri sana.”

Na Isidore akamsindikiza, saa mbili nzima za kupanda, maana njia ilikuwa imeshajaa watu na aibu ya kumnyang'anya mwanamke maiti barabarani ilikuwa kubwa kuliko ya kumfuata. Kila waliyekutana naye aliuliza kama mtoto analala. Kila mmoja alijibiwa kwamba analala.

*

Dokta alikuwa Mbelgiji mrefu mwenye miwani, na Kiswahili chake kilitosha kuagiza maji ya moto na kufukuza mbuzi uani. Isidore alitegemea atakataa. Badala yake alimsikiliza, akamtazama Pétronille kwa mshangao wa heshima, akavua saa yake. Alisema mtoto aliyelala mzima na kuamka maiti alikuwa amemtafuta muda mrefu, lakini siku zote akina bibi walikuwa wamekwisha kumzika. Huyu alikuwa wa tatu tu kumpata mwaka ule.

Isidore alishika beseni. Safari hii hakukuwa na sifa ndani yake. Alijitahidi kutazama mikono ya dokta tu, lakini muuguzi haambiwi asione. Mapafu ya mtoto yalikuwa na mabaka mazito, mekundu meusi, pande zote mbili, zaidi nyuma na chini. Dokta alikata kipande kidogo kama ukucha, akakitia kwenye glasi ya maji. Kipande cha pafu lenye hewa huelea. Hiki kilikwenda chini moja kwa moja, kikakaa.

“Mtoto huyu alionwa zahanati?” dokta aliuliza kwa Kifaransa, bila kuinua kichwa.

“Hapana, Docteur.”

Na daftari lingemuunga mkono, kwa kuwa ndugu hawapangi mstari.

Dokta alizungumza kwa muda mrefu, anaeleza kama mwalimu, na alikuwa mwalimu mzuri pale asipokuwa na haraka. Pua hubanwa hivi mtoto akifa kifudifudi. Alama ya shavu ni damu iliyoshuka baada ya kifo. Haina uhusiano na mtu kulaliwa. Mapafu haya ni ya ugonjwa wa siku mbili tatu. Mtoto mchanga akiwa nayo anaweza kuacha kupumua usingizini, kimya, bila kulia, mama akiwa pembeni yake na asijue kitu. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu mwaminifu kwa elimu yake, akaongeza kwamba vitabu bado vinabishana: wengine wanasema ugonjwa wa mapafu ndio unaoua, wengine wanasema unafungua tu mlango kwa kitu kingine tusichokijua. Labda hiki, labda kile. “Lakini hilo ni letu mimi na wewe,” alisema akinawa mikono. “Kwa mama hakuna labda. Mwambie si yeye. Mwambie hakumlalia. Hilo mwambie vizuri, mara mbili, na mume wake mwambie pia. Na wewe unaona sasa kwa nini nawaambia mniletee watoto hawa mapema.”

Ile Jumanne dokta alikuwa ameshaisahau. Ilikuwa imebaki kwa Isidore peke yake.

Pétronille alikuwa amekaa nje, chini ya dirisha lenye wavu. Alisimama Isidore alipotoka na kifurushi kilichoshonwa na kufungwa vizuri kwa bandeji nyeupe. Alimpokea mtoto, akamweka begani, akangoja.

Isidore aliyaona maneno yote ya dokta yamejipanga mbele yake. Tatizo ni kwamba yalikuja kwa mnyororo. Ukisema si wewe, utaulizwa ni nini. Ukisema ni mapafu, watauliza ugonjwa ulianza lini. Ukisema siku mbili tatu, mwanamke huyu atasema mbele ya ukoo mzima: lakini miye nilimuleta kwako, Shemeji, ulikuwa unakula. Na dokta atasikia, kwa kuwa mlima hauna siri, na koti jeupe litarudishwa, na Isidore atakwenda kuvuna pareto na wanawake.

“Docteur anasema labda,” alisema.

“Labda nini?”

“Labda ni ugonjwa. Labda ni kitu ingine. Hajue sana.”

Pétronille alimtazama. “Aliongea mingi. Nilikuwa hapa ku dirisha. Aliongea kama padri. Weye umeniletea moja tu.”

“Mengine ni ya kazi. Hauwezi kuyaelewa.”

“Nilimulalia ao sikumulalia?”

“Nimekuambia. Labda.”

Dokta alitoka, anavaa saa yake. Pétronille alimwendea, akasema kwa Kiswahili chote alichonacho, na kwa mkono pia, akijilaza kichwa begani kuonyesha usingizi, kisha akijipiga kifua. Dokta alimshika bega kwa upole wa kweli. “Pole, mama. Pole sana. Isidore anasema yote. Isidore muzuri.” Akaingia ndani.

*

Kikao kilikaliwa alasiri ileile, baada ya mazishi, uani kwa Mama Hélène. Papa Albert, ndugu wa marehemu baba yao, alipewa kiti. Hilaire alikaa juu ya kinu kilicholazwa. Pétronille alikaa chini peke yake, na hakuna aliyemletea mkeka. Françoise, mke wa Isidore, alitaka kwenda kukaa karibu naye. Tumbo lake la miezi minane lilionekana chini ya kitambaa. Mama Hélène akamwambia mwenye mimba hakai karibu na mwanamke aliyeua kwa mgongo. Françoise akarudi, anamtazama mume wake.

Papa Albert alianza na lililomuuma zaidi. “Tangu mulima huu uwe mulima, mutoto wetu hakukatwa. Mbuzi njo inakatwa. Mwanamuke, nani alikuruhusu?”

“Hakuna aliyeniruhusu, Papa.”

“Kwenu ku pori, Walikale kule, watu wanakata watoto wao?”

“Hapana, Papa. Hata kwetu hawakati.”

“Sasa?”

“Nilitaka kujua kama nilimuua.”

Hata Papa Albert hakutegemea jibu hilo. Alikohoa, akapangusa magoti ambayo hayakuwa na vumbi. “Basi,” alisema, kwa sauti iliyoshuka, “kwa sababu alikatwa, na tuseme alikatwa, tusikie kisu kilisema nini. Isidore. Weye ulikuwa ndani. Docteur alisema nini?”

Kama kuna siku Mungu humpa mtu nafasi ya pili, Isidore alipewa pale, mchana kweupe, mbele ya watu, na bila kuombwa. Alisimama, akafunga kifungo cha juu cha koti. Hilaire alikuwa ameinua uso kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Uso ule ulikuwa unaomba. Haukuwa unamwomba aseme Pétronille ana hatia. Ulikuwa unamwomba amrudishie mkewe. Isidore aliuelewa vizuri sana.

“Docteur anasema labda,” alisema.

“Labda alimulalia?”

“Labda hili, labda lile. Hata vitabu havikubaliane.”

Hakusema uongo. Alilichukua neno moja la kweli kati ya mia, lile ambalo dokta aliliweka pembeni, akaliweka katikati ya ua. Isidore alijituliza hivyo, na akakaa chini.

“Labda ni neno ya muntu mwenye hajue,” Papa Albert alisema. “Mama Hélène aliona pua kwa macho. Shavu aliliona. Docteur alikata mutoto wetu bure.”

“Shemeji.” Pétronille hakuinua sauti. “Jana magaribi nilikuja kwako na mutoto.”

Isidore alishika kifungo cha koti.

“Ulimugusa. Ulisema ni mafua. Uwaambie hata hiyo. Uwaambie alikuwa anakohoa.”

Wote walimgeukia tena. Na hapa ndipo Mama Hélène alipomwokoa mwanawe bila kujua anamwokoa na nini. “Sasa unataka kumutupia Isidore?” alipiga makofi. “Mutoto gani hakohoe mu baridi hii? Watoto sita nilizaa, wote walikohoa, wanne wako hapa wanatembea! Kikohozi kidogo kinaua muntu? Isidore, kikohozi kinaua muntu mu usiku moja?”

Isidore alitazama mikono yake. “Kikohozi kidogo, hapana,” alisema.

Iliamuliwa Pétronille arudi kwao hadi ukoo wake uje kusema. Kwao ni ng'ambo ya Kalembe, siku mbili kwa miguu, pale mashamba yanapoisha na msitu wa Walikale unapoanza. Pétronille aliingia ndani, akatoka na kifurushi kimoja. Alisimama mbele ya Hilaire.

“Na weye unasema nini, Baba Émile?”

Hilaire alisema, “Ningejua, ningesema.”

Pétronille aliondoka kabla mvua haijaanza. Françoise peke yake alimsindikiza hadi kwenye kijito, akarudi na miguu imelowa, na siku ile hakumpa mume wake chakula kwa mkono. Alikiweka chini, akageuka.

*

Françoise alijifungua msichana, wakamwita Anastasie. Alikuwa na wiki tisa alipoanza kukohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo. Hata si kikohozi, alikuwa kama anasafisha koo. Françoise alikuja naye zahanati mchana, saa za mstari, akasimama nyuma ya watu kama mgeni. Isidore alimwona mwanawe juu ya vichwa vya wagonjwa, akaona pua zinavyotanuka kila anapovuta hewa na ngozi inavyoingia chini ya mbavu. Hakuhesabu kwa saa. Alimnyakua mikononi mwa mama yake, akamtia ndani ya koti jeupe, akatoka akikimbia, akaacha watu ishirini na mlango wazi na dawa mezani.

Mvua ilimpiga njia nzima. Alianguka mara mbili, na mara zote mbili aliangukia mgongo. Kibarazani kwa dokta akina mama walikuwa wamejaa, akawakanyaga. Kama dokta angemcheka siku ile, kama Masisi yote ingesimama kumcheka, asingesikia. Dokta hakucheka. Aliweka sikio kifuani, akaita sindano ya penisilini, na zikafuata nyingine kwa siku nane. “Ungengoja hadi kesho,” alimwambia, “ungemkuta kama yule mwingine.”

Siku ya tisa walirudi nyumbani. Mama Hélène alikuwa amechinja kuku. Papa Albert alikuja, na majirani wale wawili wa majembe, na hata Paul na mwavuli wake. Nyumba ya tatu ya ua ilikuwa imepakwa udongo mpya mweupe, kwa kuwa ukoo wa Pétronille ulikuwa umekuja mwezi uliopita, ukakaa kikao, ukarudisha mbuzi za mahari, na mbuzi hizo zilikwisha kupelekwa kwa mzee Straton kwa ajili ya binti yake, aolewe na Hilaire.

“Munaona?” Mama Hélène alimwinua Anastasie ili kila mtu amtazame. “Huyu pia alikohoa. Kikohozi kilekile, baridi ileile, ua huuhuu. Iko wapi? Iko hapa, anacheka! Mu mikono ya muntu mwenye akili mutoto hafe. Sasa kama kuna muntu alikuwa bado na mashaka juu ya yule wa pori, mashaka yaishe.”

Watu waliitikia. Paul alisema Mungu ni mkubwa. Isidore alipewa paja la kuku.

Hilaire hakuitikia. Tangu Pétronille aondoke alikuwa amekonda, na maneno yake yamekuwa machache na ya polepole. Alingoja majirani waondoke, akangoja Papa Albert aage. Walipobaki wao tu alivuta kinu, akakaa mbele ya kaka yake.

“Kaka. Wa kwangu ulisema ni kikohozi kidogo.”

“Ndiyo.”

“Cha wa kwako nacho kilikuwa kidogo. Mama Anastasie mwenyewe amesema. Lakini ulikimbia naye mu mvua. Ulijuaje?”

“Ni kazi yangu, Hilaire.”

“Siku ile pia ilikuwa kazi yako. Ulijuaje sasa, na siku ile hukujua?”

Isidore alimtazama mama yake. Akamtazama Françoise, aliyekuwa amesimama mlangoni na mikono kifuani.

“Mujibu,” Françoise alisema.

“Docteur aliniambia.”

“Siku gani?” Hilaire aliuliza.

Angeweza kutaja siku yoyote. Miezi mitatu ina siku nyingi. Lakini alikuwa amechoka, na mtoto wake amepona, na mtu aliyepona hofu hulegea. Akaitaja siku yenyewe, ile aliyopasuliwa Émile. Na alipoitaja, mengine yalitoka yenyewe: pua, shavu, kipande kilichozama kwenye glasi, hakumlalia, mwambie mara mbili. Mpaka povu alilisema.

Mama Hélène aliinuka, akafunga mlango.

“Nani mwingine anajua?” aliuliza.

Aliwatazama mmoja mmoja.

“Basi inabaki humu. Isidore atanyang'anywa kazi, na kazi yake njo inatulisha wote. Mbuzi zimeshafika ku Straton. Yule wa pori yuko kwao, anaishi, hana shida. Tutaenda kusema nini kule? Tumekosea?”

Hilaire alikuwa bado anamtazama kaka yake. Hakukasirika; ingekuwa afadhali angekasirika. “Nilimupiga,” alisema. “Mutoto akiwa pale pale, bado hata hajafunikwa, nilimupiga. Na weye ulikuwa unasimama karibu, unaniangalia.”

“Ndugu yangu...”

“Ulikuwa unajua.”

Hilaire aliinuka, akaenda kulala katika nyumba iliyopakwa udongo mpya. Françoise alimchukua mtoto, akageukia ukutani kumnyonyesha. Asubuhi Isidore alivaa koti lake, akafungua zahanati saa moja kamili kama kawaida, na mstari ulikuwa mrefu.

Jumamosi binti Straton aliletwa, na ngoma mbili. Kwa Pétronille, ng'ambo ya Kalembe, hakutumwa mtu.